Kile kivimbe cheupe ni jino: mazungumzo na mama wazazi, Goma

Jambo mama zangu, jambo dada zangu, jambo tate wote mliosindikiza wajukuu. Anayenyonyesha aendelee. Mtoto akilia, hapa ni kwake.

Nianze na mtoto aliyeletwa kwetu asubuhi moja, amefungwa katika kitenge, ana miezi mitano. Alikuwa ameharisha siku nne. Jirani alikuwa amemfungua mdomo, akaona pembeni mwa ufizi wa juu vivimbe viwili vyeupe, akasema hayo ndiyo meno yanayomuua. Wakampeleka kwa mtu wa kuyang'oa, naye akayachokoa kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Tulipompokea, midomo yake imepauka kama unga wa muhogo, na pindo la kitenge limekauka damu. Mtoto wa kilo sita, damu yake yote haifiki nusu lita. Fikirieni ile chupa ndogo ya maji mnayonunua njiani: haijai. Alipona, Mungu asifiwe, lakini ilibidi kumwongezea damu, na kuhara kwenyewe kulikuwa bado hakujatibiwa.

Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Hapo ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanasema ibyinyo. Jina ni lolote, lakini kile kivimbe ni chonge ya utoto, lile jino la pembeni lenye ncha, imelala ndani ya ufizi ikingoja zamu yake, nayo hutoka mtoto akiwa na miezi kama 16 hadi 22. Si mdudu, si nailoni. Anayeichokoa anaingiza pepopunda na vidudu vingine katika damu, na anaweza kuharibu hata chonge ya ukubwani, kwa kuwa mbegu yake iko jirani kabisa.

Tate zangu, najua mtaniuliza: mbona kuhara na meno vinakuja pamoja? Mmeona kweli, vinakuja pamoja. Ni umri ule ambao mtoto anatia kila kitu mdomoni, kijiwe cha lava, sendeli, ncha ya kitenge, na ndio umri tunaoanza kumpa uji. Uchafu unaingia, tumbo linaharibika, jino linasingiziwa. Jino linaleta mate mengi, linamfanya mtoto akasirike na kutafuna vidole. Joto la 38 na kuendelea si la jino: mlete apimwe malaria. Akihara, mpe maji yaliyochanganywa na ile pakiti ya chumvi na sukari, ORS, ziwa lisikatwe, na mje siku hiyohiyo.

Sasa kufariji ufizi. Nawa mikono, sugua ufizi polepole kwa kidole, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi yaliyochemshwa. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Zile dawa za kupaka za kufa ganzi, hapana pia.

Kusafisha kunaanza kabla ya jino lolote: kitambaa laini chenye maji, kimezungushwa kidoleni, kinapita juu ya fizi jioni. Mtoto akizoea kidole chako, mswaki hautakuwa vita. Meno mawili ya chini mbele hutoka karibu na miezi 6, wengine miezi 4, wengine hupita mwaka, msihangaike. Yote 20 huwa yamekwisha kutoka karibu na miaka 3. Jino la kwanza likitoka, mswaki mdogo laini, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno isizidi punje moja ya mchele.

Kwa nini nasisitiza punje? Dawa ya meno ina floraidi, na kwetu hapa kuna jambo la mlima wa moto. Moshi wa Nyiragongo una gesi yenye floraidi. Mvua inaishusha juu ya mabati, inaingia tangini, hasa upande wa Rusayo na Sake ambako upepo unapeleka moshi. Floraidi kidogo inalinda jino, nyingi inaacha madoa ya kahawia kwenye meno ya ukubwani, ambayo yanajengwa ndani ya taya sasa hivi, mtoto akiwa mgongoni mwako. Kuyachemsha maji hayo hakuiondoi, kunaua vidudu tu. Lakini maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata mama akinywa maji hayo. Kwa hiyo miezi 6 ya kwanza, ziwa peke yake.

Na biberoni, chupa ya kunyonyea, ya chai ya sukari isilale na mtoto mdomoni. Usiku mate hupungua, sukari inakaa juu ya jino inalila.

Mama mwenye kitenge cha njano, njoo mbele na mtoto. Kaa, nami nikae, magoti yetu yagusane, kichwa chake kije kwangu, miguu yake ibaki tumboni mwako, akuone usoni. Nainua mdomo wa juu hivi. Sogeeni. Tunatafuta mstari mweupe usiong'aa pale jino linapokutana na ufizi, maana hapo ndipo kuoza kunaanza. Huyu hana. Na pale pembeni, mnaviona vile vivimbe viwili? Tate, gusa kwa kidole. Ndiyo chonge zake.