Kompyuta ya Kliniki ya Daktari Mmoja: Ichague kwa Siku Itakayogoma

Habari za leo, madaktari, na karibuni wote mnaoendesha kliniki ambayo daktari ni huyohuyo, mhasibu ni huyohuyo, na akitoka kula mlango unafungwa. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam. Mezani mnaona kompyuta mbili ndogo, za mtumba, zimetoka Uingereza, zinafanana kama mapacha. Najua mtauliza: kliniki ya daktari mmoja, kompyuta mbili za nini? Subirini. Mwisho wa video hii moja nitaiua makusudi mbele ya kamera, tuone mgonjwa atakaa benchi kwa muda gani.

Dokta akifika dukani Kariakoo, swali lake la kwanza huwa, "Ipi ina spidi?" Kuandika maelezo ya mgonjwa, kuhakiki kadi ya bima, kutuma madai NHIF, kuchapa cheti, hizo si kazi za kuitoa kompyuta jasho. Swali langu mimi ni jingine: Jumatatu saa mbili asubuhi ikikataa kuwaka, utaanza tena kuona wagonjwa saa ngapi? Hospitali kubwa ina idara ya TEHAMA. Wewe una mimi, na mimi saa hizo huenda nimekwama kwenye foleni ya Mbagala.

Hatua ya kwanza inafanyika bila pesa mfukoni. Chukua karatasi, zunguka kliniki, andika kila kitu kitakachochomekwa au kuzungumza na kompyuta hiyo: printa, mashine ya utrasaundi, mashine ya damu ya maabara. Hii ya maabara iangalie kwa nyuma. Nyingi bado zinatuma majibu kwa waya wenye tundu la pini tisa, na kompyuta ndogo kama hizi mara nyingi hazina tundu hilo. Si mwisho wa dunia, kuna kiunganishi cha USB, lakini ulijue leo, usije ukalijua siku ya kufunga mitambo. Kisha mpigie aliyekuuzia programu ya kliniki, umuulize: taarifa zinakaa ndani ya kompyuta yangu au kwenye intaneti? Jibu lake litatuongoza tukifika kwenye nakala.

Hatua ya pili, umbo. Laptopi ina betri yake, umeme ukikatika huna wasiwasi. Lakini laptopi inatembea. Inaenda nyumbani, mtoto anaichezea gemu, na mwizi anaibeba chini ya koti. Zile nyembamba zaidi baadhi yake diski imechomelewa kwenye ubao wenyewe, kwa hiyo ubao ukifa na kumbukumbu za wagonjwa wako zinaweza kwenda nao. Kompyuta kubwa ya mezani inatengenezeka vizuri, ila inakula nafasi, na meza ya daktari tayari ina mashine ya presha, glavu na mafaili. Mimi nachagua hizi ndogo za kiofisi: Dell OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini. Ukifungua skrubu chache uko ndani. Na kwa bei ya mpya moja, mara nyingi unapata mbili za mtumba. Nunua mbili za modeli moja. Hapo sina mjadala.

Sasa tuko dukani, na hapa tutakaa kidogo maana ndipo watu wanapopigwa.

Soma jina la prosesa. Hii imeandikwa i5-8500T. Kwenye namba ya tarakimu nne kama hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: nane. Ukikuta i5-6500, hiyo ni kizazi cha sita, na Windows 11 haiitambui rasmi. Muuzaji atakwambia, "Bosi, Windows 10 inatosha." Haitoshi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaoona masasisho ni usumbufu wakumbuke tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipozikumba hospitali za umma za Uingereza na maelfu ya miadi ya wagonjwa kufutwa. Sasisho la kuziba udhaifu kilioupitia kirusi hicho lilikuwa limeshatolewa mwezi Machi. Halikuwa limewekwa kwenye kompyuta zile, basi.

Bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Dirisha hili ni la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Tafuta toleo, lisomeke 2.0. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji. Diski iandikwe SSD. Ikiandikwa HDD, hiyo ni ya kuzunguka: polepole, na haipendi kutikiswa. RAM nataka GB 16. Ikija na 8 unaweza kuianzia, mradi ndani kuna nafasi ya kuongeza, na dirisha hilihili linakuonyesha nafasi ngapi zimejaa.

Zima, washa tena, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayokuja kabla ya Windows. Dell unabonyeza F2, ThinkCentre F1, HP F10. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe, hata akikupunguzia bei. Kisha mwambie aisafishe na kuianzisha upya mbele yako ikiwa na intaneti ya simu yako. Kompyuta iliyokuwa ya kampuni na haijaondolewa kwenye orodha yao itakuonyesha jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya kazini. Mteja wangu mmoja alinunua ya namna hiyo, akaitumia wiki tatu bila tatizo, na siku tulipoisafisha ndipo ikamgeuka. Duka lilikuwa limeshahama kibanda.

Rudi kwenye BIOS, piga picha mpangilio wa diski. Hapa pameandikwa AHCI. Mapacha wote wawili wasomeke hivyohivyo, mmoja akiwa RAID na mwingine AHCI zoezi letu la mwisho litafeli. Na hakikisha zote mbili zina Windows ya Pro, sababu yake inakuja.

Umeme nitausema haraka. Nunua UPS, kisanduku cha betri ya akiba, ya VA 650 inatosha kwa kompyuta ndogo na skrini yake. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa heshima, na kupokea ule mshtuko wa umeme unaporudi, ambao kwa uzoefu wangu unaua vifaa kuliko kukatika kwenyewe. Rauta ya intaneti nayo ichomeke humo. Printa ya leza usiichomeke kwenye betri ya UPS kabisa! Inapopasha moto karatasi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inapiga kelele na kuzima kila kitu.

Tuingie kwenye kufuli. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya wana yao ya 2019. Kwa hiyo kompyuta ikiibwa, mwizi asiweze kuchomoa diski na kusoma nani ana nini. Ndiyo maana nilidai Pro: ina BitLocker kamili, kufuli linalofunga diski nzima isisomeke bila ufunguo. Iwashe. Itakupa ufunguo wa tarakimu 48. Uchapishe kwenye karatasi mbili, moja iende nyumbani kwenye kabati lenye kufuli, nyingine kwa mtu unayemwamini kama unavyomwamini mrithi wako. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, wala usiubandike chini ya kibodi. Nacheka, lakini nimeshaukuta hapo.

Nakala sasa. Kama taarifa zako zinakaa kwenye kompyuta, tumia kitufe cha nakala cha programu yenyewe. Kunakili folda huku programu iko wazi kunaweza kukupa faili lililovunjika, nawe utaligundua siku unayolihitaji. Diski za nje ziwe mbili, nazo zifungwe kwa BitLocker. Leo moja iko kliniki, nyingine iko nyumbani, kesho zinabadilishana. Iliyobaki imechomekwa usiku kucha si nakala. Kirusi kikiingia kitazila zote. Na kama taarifa zako ziko kwenye intaneti, usipumue bado. Muulize mwenye programu namna ya kupakua nakala yako mwenyewe, kisha ufuate utaratibu huohuo wa diski mbili.

Haya, muda wa kuua. Kompyuta ya kwanza inafanya kazi, programu imefunguliwa, mgonjwa wetu wa majaribio yumo. Nachomoa waya. Tuseme ubao umekufa. Saa ya simu inaanza.

Skrubu ya nyuma. Kifuniko. SSD ni hiki kipande chembamba, kimeshikwa na skrubu moja. Nafungua pacha wake, natoa SSD yake naiweka kando, naingiza hii. Nafunga. Nawasha. Mnaona skrini ya buluu? Msiogope, ndiyo BitLocker, imegundua iko kwenye mwili mgeni, inadai zile tarakimu 48. Naandika, polepole, mbili mbili... Imekubali. Windows inapanga mambo yake. Programu hiyo. Mgonjwa huyo.

Dakika kumi na moja, na tatu kati ya hizo nilikuwa naongea na nyinyi. Kabla hujaendelea, ingia kwenye BitLocker, isimamishe kwa muda kisha uirudishe, la sivyo itakudai tarakimu kila asubuhi.

Ikiwa kilichokufa ni SSD yenyewe, hufungui skrubu yoyote. Pacha ana SSD yake ndani, yenye programu ya kliniki tayari. Unachomeka diski ya nje ya jana na kurejesha nakala. Kwa sababu hiyo pacha hakai kabatini akasahaulika. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtoe, muwashe, asasishwe, umjaribu kwa kurejesha nakala moja, umfute vumbi kwenye feni, umrudishe kabatini.