Rikoli Iliziba Nini, Ikaacha Nini: Kufuli la Usukani la Corvette C5

Nawasalimu nyote, mafundi na wenye magari. Swali nililopewa ni fupi. Kiwanda kinatoa rikoli, yaani kinaita gari lirudishwe, kwa sababu kufuli la usukani lina kasoro. Gari linaingia kwa wakala, linatoka na karatasi inayosema kazi imekwisha. Je, limepona?

Jibu langu: limepona ugonjwa ulioandikwa kwenye barua ya rikoli. Ugonjwa anaoulalamikia mwenye gari unaweza kuwa mwingine kabisa, na barua haikuahidi kuugusa.

Mfano wetu leo ni Chevrolet Corvette C5, ile iliyounganishwa Bowling Green, Kentucky, modeli za 1997 hadi 2004. Mwaka 2004 General Motors iliita zaidi ya magari 100,000 ya aina hiyo kwa ajili ya kufuli la usukani. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu magari ya rikoli hiyohiyo hayakupata dawa moja, na hata waliotibiwa vizuri wameendelea kukwama barabarani.

Tuanze na chuma chenyewe. Sahani hii ninayoipitisha kwenu ndiyo inayofungwa. Ishikeni. Katikati ina meno yanayokaa kwenye shafti ya usukani, kwa hiyo usukani ukizunguka nayo inazunguka. Pembeni ina nafasi, na kwenye mojawapo ya nafasi hizo huingia pini. Pini ikiingia, usukani umepiga loki. Magari mengi mnayoyajua yana swichi ya ufunguo kwenye nguzo ya usukani, na ufunguo wenyewe ndio unaoisukuma au kuivuta pini, chuma kwa chuma. C5 swichi yake iko kwenye dashibodi, mbali na nguzo, kwa hiyo pini inaendeshwa na mota ndogo ya umeme. Ukichomoa ufunguo mota inaisukuma pini ndani. Ukirudisha ufunguo inaivuta nje, na masikio yakiwa mazuri unasikia mlio mfupi chini ya usukani.

Hapo ndipo kompyuta mbili zinapoingia. Ya kwanza ni kompyuta ya bodi, iko miguuni pa abiria wa mbele chini ya zulia. Hiyo ndiyo inayoiamuru mota, kisha inasubiri ishara kwamba pini imetoka. Ya pili ni kompyuta ya injini. Ikiwa ishara ya kufunguka haikufika, injini itawaka kama kawaida, lakini gari likianza kusogea tu, mafuta yanakatwa na linazima. Waliobuni waliwaza vizuri: gari lisiloweza kukatwa kona lisiruhusiwe kushika mwendo.

Sasa, kwa nini pini inakataa kutoka? Sababu ni nyingi na nyingi si za kompyuta. Ya kwanza ni mzigo wa pembeni. Dereva kaegesha matairi yakiwa yamekata kona au yakigusa ukingo wa barabara, mpira umejikunja na unataka kurudi, na nguvu hiyo yote inaibana pini ukutani mwa nafasi yake. Tazameni kwenye sahani hii: nafasi ya tatu kutoka alama nyekundu ina mng'aro upande mmoja tu. Hapo ndipo pini ilipokuwa ikisagwa. Mota ndogo haina ubavu wa kuichomoa pini iliyobanwa hivyo. Ya pili ni betri. Volti zikishuka, mota inakosa nguvu na kompyuta ya bodi inapoteza hesabu, haijui pini iko wapi. Gari lililolala wiki tatu bila kuwashwa, ukalibusti kwa waya, ni mgonjwa wa kutarajiwa. Kisha kuna rilei, yaani swichi ya umeme ya mota, ambayo ncha zake zimeungua, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu, grisi iliyokauka, na swichi ndogo ndani ya mota ambazo kazi yake ni kusema pini iko nje au ndani. Swichi hizo zikichakaa, pini inaweza kuwa imetoka vizuri kabisa lakini kompyuta haipati habari. Shikeni hili la mwisho, tutalirudia.

Dereva anaona maandishi kwenye dashibodi: chomoa ufunguo, subiri sekunde 10. Isipokubali, yanakuja mengine: kufuli la nguzo lipelekwe kwa fundi.

Hayo ndiyo malalamiko ya wenye magari. Rikoli ilisema nini? Kasoro iliyotajwa haikuwa kwamba kufuli linakataa kufunguka. Kasoro iliyotajwa ni kwamba kufuli likikataa kufunguka, ule ukataji wa mafuta unaweza usifanye kazi, hasa umeme wa kompyuta ya injini ukiwa mdogo au ukikatika kidogo. Hapo gari linaondoka na usukani umefungwa. Kwa mtazamo wa sheria ya usalama hiyo ndiyo hatari. Kukwama kwenye maegesho ya duka ni kero, si ajali, na mtengenezaji halazimishwi kuita magari kwa kero.

Nafungua mabano kidogo. Kwenye C5 kompyuta ya injini iko jirani na betri, na betri za magari haya zina sifa mbaya ya kuvuja asidi juu ya nyaya zilizo chini yake. Kwa hiyo mkisoma maneno "umeme ukikatika kidogo", msidhani ni jambo la maabara. Inueni betri mtazame.

Dawa ikawa ya namna mbili, kutegemea giaboksi na soko ambalo gari liliuzwa. Kundi moja lilitolewa sahani, yaani kitu hiki mnachokishika kiliondolewa kabisa na pini ikabaki inaingia hewani. Kundi jingine, hasa la gia za mkono, liliandikiwa upya programu ya kompyuta ya injini ili mafuta yakatwe kwa uhakika zaidi. Sababu ya kutofautisha inaeleweka. Kiwango cha usalama namba 114 cha Marekani kinataka gari lililochomolewa ufunguo lizuiwe ama kuongozwa ama kusogea kwa nguvu yake. Gari la otomatiki ufunguo hautoki mpaka gia iwe kwenye P, ile ya kuegesha, kwa hiyo linaweza kuishi bila kufuli la usukani. Ulaya ni habari nyingine, maana Kanuni namba 116 ya Umoja wa Mataifa imejengwa juu ya vifaa vya kuzuia wizi, kufuli la usukani likiwa mojawapo.

Basi tupime dawa hizo. Ukiandika upya programu, mota ni ileile, rilei ileile, betri ileile. Sababu zote nilizotaja za pini kukataa zipo kama zilivyokuwa. Kilichobadilika ni kwamba gari sasa linazima kwa uhakika zaidi. Kwa barua ya rikoli, huo ni ushindi. Kwa mtu aliyekwama, gari limezidi kuwa kali.

Ukitoa sahani, usukani hauwezi tena kufungwa. Hii ni tiba ya kweli kwa hatari, kwa sababu inaondoa chuma badala ya kuamini waya. Lakini kumbukeni zile swichi ndogo ndani ya mota. Kompyuta ya bodi haijui kwamba sahani imetolewa. Inaendelea kuiamuru mota na kusubiri ishara. Mota ikifa, au swichi zikichakaa, ishara haifiki, mafuta yanakatwa, na mnabaki na kioja: usukani unazunguka kwa kidole kimoja, na gari linakataa kuondoka kwa madai kwamba usukani umefungwa. Ndiyo maana kwa miaka mingi wenye C5 wamekuwa wakinunua kiunganishi kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa gari na mota, kinachoipa kompyuta ishara ya kufunguka inayoisubiri.

Kiunganishi hicho ni kizuri, na ni hatari kikifungwa na mtu mwenye haraka. Ukikifunga pini ikiwa ndani, umeiambia kompyuta usukani uko huru wakati umefungwa. Umeondoa ulinzi wa mwisho, umetengeneza kwa mkono wako ileile hatari iliyosababisha rikoli. Utaratibu ni huu: betri iwe imechajiwa, isomeke kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Weka ufunguo, hakikisha kufuli limefunguka. Zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Ndipo uchomoe soketi ya mota, ufunge kiunganishi. Kisha chomoa ufunguo na ujaribu tena usukani. Usukani usipojiloki, uko sawa. Na usidhani kuchomoa soketi peke yake kunatosha, maana bila ishara mafuta yatakatwa tu.

Kama sahani bado ipo, ushauri wangu ni kutoa sahani na kushughulikia ishara, vyote viwili, pale sheria ya nchi inaporuhusu. Kimoja bila kingine ni nusu kazi. Kutoa sahani kunapita kwenye airbagi, kwa hiyo matairi yawe yamenyooka, betri ikatwe, chaji iliyobaki ipewe muda wa kuisha kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, weka alama kwenye shafti na usukani, tumia puli ya kuvutia usukani na kifaa cha kukandamiza sahani. Ule utepe wa waya unaozunguka chini ya usukani usiachwe ujizungushe. Ukirudishwa ukiwa umepishana hata mzunguko mmoja, utakatika siku ya kona kali na taa ya airbagi haitazimika.

Kuna jambo ambalo karatasi ya rikoli haiwezi kuliona: rikoli hufutika. Injini ya LS1, iliyomo kwenye C5, inapendwa sana na wachezea programu. Mtu akiandika programu ya kuongeza nguvu juu ya faili la zamani, ameifuta kazi ya wakala bila kujua. Mwingine amebadilisha kompyuta ya injini na kununua nyingine ya magari yaliyobomolewa, mwingine nguzo nzima ya usukani, ambayo imekuja na sahani yake. Kumbukumbu za kiwanda zinasema limetengenezwa, na ni kweli lilitengenezwa, siku ile.

Kwa hiyo kagueni gari, msikague karatasi tu. Chomoa ufunguo, zungusha usukani. Ukijiloki, sahani ipo. Usipojiloki lakini mota ikalia, sahani imetolewa na kompyuta bado inasubiri ishara. Isipolia chochote, chungulia chini ya nguzo, pengine kuna kiunganishi. Kwa upande wa programu, soma namba ya faili kwa mashine ya kupimia na uilinganishe na ile ya wakala.

Nimeona mikono. Dada yangu pale anauliza kama tovuti ya serikali ya Marekani ikisema gari halina rikoli inayodai, atosheke. Hapana. Ile tovuti ya NHTSA, idara ya Marekani ya usalama barabarani, haionyeshi rikoli iliyokwisha kufanyiwa kazi, na kwa kawaida haionyeshi zilizotolewa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Ya 2004 imeshatoka kwenye dirisha hilo. Piga simu kwa wakala, mpe namba zote 17 za chasisi. Na asikwambie gari ni zee mno kwa matengenezo ya bure bila kuangalia sheria: miaka inayohesabiwa ni kutoka siku mnunuzi wa kwanza alipolinunua hadi siku taarifa ya rikoli ilipotolewa, si hadi leo. Ikiwa dawa yenyewe ndiyo mbovu, peleka malalamiko NHTSA, kwa sababu wana uwezo wa kuchunguza kama rikoli ilitosha.

Mzee wangu anauliza kuhusu magari yetu ya mtumba kutoka Japani. Hayo hayamo kabisa kwenye tovuti hiyo. Namba ya chasisi ya gari la soko la Japani ni fupi, herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu, na mfumo wa Marekani utaikataa. Ingia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe, sehemu ya rikoli, uingize namba hiyo. Fungueni pia mlango wa dereva mtazame kwenye nguzo: magari mengi ya Japani yaliyofanyiwa rikoli yamebandikwa hapo stika ndogo yenye namba. Stika ikiwepo ni dalili njema. Isipokuwepo haithibitishi kitu, huenda ilibanduka wakati wa kupiga rangi.

Na kijana anauliza afanye nini likikwama sasa hivi. Chomoa ufunguo, hesabu hadi kumi bila kuiba. Shika usukani, usukume taratibu upande ambao unalegea ili pini ipumue, na uushikilie hapo huku mwenzio akirudisha ufunguo. Jaribu mara tatu. Ikishindikana pima betri, na ikiwa chini ya volti 12.4 iweke kwenye chaja usiku mzima badala ya kubusti. Injini ikiwaka na maandishi ya kufuli yangali kwenye dashibodi, zima. Ita lori la kubeba magari, na mwambie dereva wake matairi yote manne yapande juu, maana usukani uliofungwa hauburutwi.