Watoto Walianza Wangapi? Kulinganisha Shule Unapohamia Arusha

Ndugu wazazi na walezi, habari za asubuhi. Anayehamia Arusha na watoto huuliza kwanza: shule gani inafaulisha? Mimi nawaomba muanze na swali jingine: watoto walianza wangapi, na wamemaliza wangapi?

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya baraza hilo. Fungua upimaji wa Darasa la Nne wa 2021, uandike idadi ya watahiniwa wa shule unayoifikiria. Kisha fungua Darasa la Saba la 2024. Hao ni watoto walewale, miaka mitatu baadaye. Tuseme walikuwa 62, wakabaki 41. Wengine wazazi wamehama kikazi, sawa. Lakini 21? Uliza wangapi wamekaririshwa darasa, na wangapi waliambiwa watafute shule nyingine ili wastani usishuke. Na idadi ikipanda ghafla, uliza pia, kwa sababu zipo shule zinazochukua wenye alama nzuri darasa la sita na kuhesabu ufaulu wa watoto hao kuwa kazi ya shule. Rudia hesabu hiyo kwa miaka mitatu mfululizo, maana darasa moja linaweza kuwa na bahati yake. Kwangu, wastani wa alama 210 kati ya 300 katika shule iliyofikisha watoto wake wote una thamani kuliko 250 ya shule inayochuja. Anayechujwa kesho anaweza kuwa wako.

Ukifika shuleni, usiishie ofisini. Omba madaftari matatu ya Hisabati ya darasa la tano, ya watoto tofauti. Tiki nyekundu peke yake haitoshi. Tafuta mahali ambapo mtoto alikosea, akasahihisha, na mwalimu akarudi kukagua masahihisho.

Kuna jambo la Arusha ambalo anayetoka Dar es Salaam au Mwanza hulisahau: maji. Maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floridi ardhini, na pale Maji ya Chai na Ngurdoto tatizo hili linajulikana sana. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, yanayobaki huwa na floridi nyingi zaidi kwa kila lita. Chujio la mshumaa, lile la kauri la nyumbani, nalo haliondoi. Meno ya kudumu ya mtoto wa chini ya miaka minane bado yanajengeka ndani ya fizi, na doa la kahawia la floridi likishaingia halitoki kwa mswaki. Kwa hiyo uliza: maji ya kunywa na ya kupikia yanatoka chanzo gani, na karatasi ya vipimo iko wapi? Kama wanatumia chujio la mkaa wa mifupa, ambalo huondoa floridi, uliza ule mkaa ulibadilishwa lini, kwa sababu ukishajaa hauchuji tena.

Gari la shule: uliza linamchukua mtoto wa kwanza saa ngapi, si masomo yanaanza saa ngapi. Mtoto wa Moshono anayesoma Kisongo huvuka jiji zima, asubuhi na jioni.

Gharama zote ziandikwe kwenye karatasi moja: ada, chakula, usafiri, sare, tuisheni ya Jumamosi. Shule za serikali za kawaida hazitozi ada, ila sare, madaftari na chakula bado vinahitaji bajeti.

Mwisho, uhamisho. Hapa wengi hukwama. Mzazi anakuja na barua iliyogongwa muhuri, kumbe mwalimu mkuu wa kule hajamhamisha mtoto kwenye PREM, mfumo wa mtandaoni wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na shule mpya haiwezi kumpokea rasmi. Chukua namba ya PREM ya mtoto, hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa, na usipakie lori kabla uhamisho haujafanyika. Mtoto wa Darasa la Nne au la Saba, kama inawezekana, ahame Desemba baada ya mtihani. Akishasajiliwa kama mtahiniwa katika shule moja, kumtoa ni kazi ngumu.