Mkulima Anapoipima Mbegu Mpya ya Mahindi

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze kwa nini mbegu bora za mahindi, ambazo katika mashamba ya majaribio huzishinda za kienyeji kwa mbali, hukawia kuenea kwa wakulima. Jibu tulilolizoea ni kwamba mkulima ni mgumu wa kubadilika. Mimi silikubali.

Mwaka 1943 wanasosholojia Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani. Hao walikuwa wakulima wa soko, na mbegu chotara, yaani iliyozalishwa kwa kuchanganya mahindi ya wazazi tofauti, iliwaongezea mavuno waziwazi. Hata hivyo, tangu wachache walipoanza kuipanda mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipita zaidi ya miaka 10 kabla karibu wote hawajaikubali. Wengi walianza na kipande kidogo, wakakipanua msimu baada ya msimu. Habari za mbegu walizipata kwa wauzaji, lakini kilichowatoa wasiwasi ni mavuno ya jirani.

Kwa hiyo kukawia ni sehemu ya kupima, na kipimo cha mkulima ni kirefu kuliko chetu. Mtafiti hupima kilo kwa hekta, akafunga daftari. Mkulima hulishika hindi, akatazama kama maganda yamefunika ncha hadi mwisho, kwa maana ncha iliyo wazi huingiza mvua na fukusi. Kisha hubonyeza punje kwa ukucha ili ajue ugumu wake, kwani punje laini hutobolewa ghalani mapema. Nimewaona wakulima wakiikataa kwa kipimo hicho mbegu iliyoongoza kwa mavuno, na baada ya miezi michache ya kuhifadhi sikuwa na la kuwabishia.

Liko pia suala la fedha, na hapa naomba tuelewane vizuri. Chotara hupata nguvu zake kutokana na kuchanganywa kwa wazazi maalumu, kwa hiyo punje zake zikirudishwa shambani, mimea hutoka ya kimo na uzazi tofauti tofauti na mavuno hushuka. Mkulima analazimika kununua mbegu kila msimu, tena wakati wa kupanda, ambapo akiba imekwisha na mvua haijulikani itakavyokuwa. Akiuziwa punje za kawaida zilizopakwa rangi ili zifanane na mbegu, atapoteza msimu mzima, na atakayelaumiwa ni mbegu bora.

Pale mbegu inapolingana na mahali, mambo huenda upesi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale, Kenya, walitoa mbegu chotara iitwayo H611, iliyotokana na mahindi ya huko yaliyochanganywa na aina ya nyanda za juu za Ekwado, na wakulima wadogo wa nyanda za juu za magharibi waliipokea kwa wingi, kwa sababu tofauti ilionekana kwa macho.

Ninachoomba ni hiki: mbegu ifungwe katika pakiti ndogo ambazo mtu anaweza kuzijaribia pembeni mwa shamba lake, ijaribiwe kwa kiwango cha mbolea anachokimudu yeye, na bwana shamba asiandike matokeo siku ya kuvuna, bali arudi mahindi yakiwa yamekaa ghalani hadi karibu na msimu unaofuata, ayapukuchue pamoja na mwenye shamba, ndipo waandike.