Gari moja lilivyofungua kesi nzima

Kuna mzee kaniuliza hapo mlangoni, mbona hizi kesi za rushwa zinachukua miaka na mwizi anajulikana? Nianze na hilo.

Kujulikana sio ushahidi jamani. Ile ya kupaka noti dawa halafu mtu anadakwa na bahasha ni mtego wa dagaa, papa hapokei bahasha, mali yake imeandikwa jina la shemeji, kwahiyo mpelelezi anaanza na makaratasi: tenda kapewa nani, kampuni ilisajiliwa lini, hela imepita akaunti zipi.

Chukueni ile ya Brazil, Lava Jato, uchunguzi mkubwa wa rushwa kule. 2014 polisi walikuwa wanafuatilia watakatishaji hela waliojificha kwenye kituo cha mafuta pale Brasília, Petrobras, kampuni ya mafuta ya serikali, haikuwemo hata kwenye mawazo yao. Sasa mmoja wa hao watakatishaji, Alberto Youssef, kumbe alimnunulia Range Rover Paulo Roberto Costa, mkurugenzi wa zamani wa Petrobras. Mtu na uwezo wake, anunuliwe gari na mbadilisha hela kwa wema gani? Costa akabanwa, akakubali kusema ili apunguziwe kifungo, akataja wenzake nao wakataja wenzao, mpaka ikafikiwa Odebrecht, kampuni ya ujenzi iliyokuwa na idara kabisa ya kulipa hongo, ina kompyuta zake na majina ya bandia! Desemba 2016 ikakiri Marekani kwamba ililipa kama dola milioni 788 kwenye nchi 12, Angola na Msumbiji zikiwemo. Petrobras yenyewe ilishaandika hasara ya reais (hela ya Brazil) bilioni 6.2 kwenye vitabu vyake, hiyo ni ya rushwa tu.

Sasa hapa mzee wangu ndo jibu lako lilipo. Jaji Sergio Moro, aliyekuwa anasikiliza kesi hizi, alishangiliwa sana, 2019 akawa waziri wa sheria, mwaka huohuo zikavuja meseji zinaonyesha alikuwa anawapa waendesha mashtaka maelekezo, yaani refa anamnong'oneza mshambuliaji. 2021 mahakama ya juu ikafuta hukumu za rushwa za Lula, aliyewahi kuwa rais na Moro akamhukumu, kwanza kwasababu zilitolewa na mahakama isiyohusika, halafu ikasema na Moro mwenyewe aliegemea upande. 2023 jaji mwingine akasema ushahidi wa zile kompyuta za Odebrecht usitumike tena. Rushwa kampuni ilishaikiri kwa mdomo wake, lakini ushahidi wenyewe ndo huo umetupwa nje. Ndo maana tunaenda polepole, ukiruka utaratibu kesi inakufia mkononi.

Haya, naona mkono kule nyuma.