Kikombe Hakilipi Nauli: Mhadhara Kuhusu Sataranji na Masomo ya Vijana Wetu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Waheshimiwa masheha, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango.

Jambo hili nimelisema Wete, nimelisema Mkoani, na leo nalisema hapa Chake Chake kwa sababu bado halijafanyika: mashindano ya sataranji, yaani chess, yasiyomfungulia mtoto njia ya masomo ni sherehe ya siku moja. Sikuja kukufundisheni namna farasi anavyoruka. Wengi wenu mnajua, na asiyejua atafundishwa na mwanawe leo usiku. Nimekuja kuzungumzia zawadi: iwe ufadhili wa masomo, si kikombe peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwamuzi katika mashindano ya skuli za sekondari. Alikuja binti mmoja wa kidato cha tatu, kutoka kijiji cha upande wa Micheweni, ambaye kwao alijifunzia kwenye ubao aliouchora mwenyewe juu ya katoni, na kete zake zilikuwa vizibo vya chupa vilivyoandikwa herufi. Katika mchezo wa mwisho alitoa ngome yake ili ale farasi wa mpinzani. Waliokuwa wakitazama waliguna, kwa sababu kila anayeanza kujifunza huambiwa kwamba ngome ina thamani kubwa kuliko farasi. Baada ya hatua kumi na moja mfalme wa mpinzani hakuwa na pa kukimbilia. Nilipomwuliza kwa nini alicheza vile, alinijibu kwamba ngome yake ilikuwa imefungiwa nyuma ya vitunda vyake mwenyewe, zile kete ndogo za mbele, kwa hiyo thamani yake ilikuwa ya jina tu, na farasi wa mwenzake ndiye aliyekuwa akilinda mlango. Nimefundisha hisabati kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni mara chache nimemsikia mwanafunzi akipambanua namna ile.

Alipewa kikombe, cheti, na picha pamoja na mgeni rasmi. Mwaka uliofuata alifaulu mtihani wa kidato cha nne na akapangiwa skuli ya dakhalia, yaani ya bweni, Unguja. Karafuu hazikuzaa vizuri msimu ule, na babake alikuwa mvuvi wa ngalawa. Lilihitajika godoro, sanduku, sare, nauli ya boti, na fedha kidogo ya mkononi. Hakwenda. Nilipopata habari, muda wa kuripoti ulikuwa umeshapita. Nilifika kwao nikakikuta kikombe juu ya kabati, kimefutwa vumbi, kinang'ara. Mamake akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, hiki kinauzika?" Sikuwa na jibu, na hadi leo, kila nikikaa katika kikao cha maandalizi nikasikia watu wazima wanajadiliana juu ya ukubwa wa vikombe, sauti ya mama yule hunirudia, na nakiri mbele yenu kwamba subira hunishinda.

Najua mtakalonijibu, maana nimejibiwa hivyo mara nyingi: elimu yetu hapa Zanzibar ni bure tangu Septemba 1964, sasa ufadhili ni wa nini? Ni kweli, na sisi tuliosoma kwa neema ile hatuwezi kuisahau. Lakini kilichofanywa bure ni ada. Daladala haikufanywa bure, boti haikufanywa bure, wala godoro la dakhalia. Mtoto anayekwama hakwami darasani. Anakwama bandarini Mkoani.

Lipo na la pili, ambalo ni zito zaidi na silipuuzi: wapo wazazi wanaosema kwamba sataranji ni mlango wa kamari na kwamba inapoteza sala. Mimi si mufti. Ninachokijua ni kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, kwamba mchezo huu ni makuruhu na si haramu, madhali hauna kamari, haumpitishi mtu wakati wa sala na hauambatani na matusi. Na wapo maulamaa walioukataza moja kwa moja, kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi amwulize sheikh wake, naye asilazimishwe. Lakini tazameni jinsi hoja hii inavyotusukuma kule kule ninakokwenda. Mkiwatoza watoto kiingilio, kisha mkakusanya zile fedha mkampa mshindi, hapo mmeikaribia kamari kwa mikono yenu. Zawadi ikitoka kwa mfadhili asiyecheza, ikalipwa kwa skuli na kwa wenye boti, shaka hiyo huondoka. Ratiba nayo ipangwe kwa kufuata adhana, na raundi yoyote isigongane na saa za madrasa.

Wala msiniambie kwamba haya ni ndoto. Hapo Kampala, katika mtaa wa Katwe, Robert Katende aliwafundisha sataranji watoto wa mtaa huo na kuwapa uji. Phiona Mutesi alifika akiufuata uji ule, akiwa ameshaacha masomo kwa kukosa ada, na mchezo ndio uliomrudisha darasani na hatimaye ukamfikisha chuo kikuu Marekani. Na jirani zetu Wazambia wanaye Amon Simutowe wa Ndola, aliyepata ufadhili wa sataranji katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Dallas, akasoma pia Oxford, na mwaka 2009 akawa grandmasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Vyuo kadhaa vya Marekani hutoa nafasi za namna hiyo kila mwaka. Ni vigumu kijana wa Pemba kuzipata kama jina lake halimo katika orodha ya viwango ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, na jina haliingii huko mpaka acheze mashindano yaliyosajiliwa. Hapa kwetu tunaandaa bonanza, tunapiga picha, tunakwenda zetu.

Ufadhili wenyewe usiwe wa mshindi mmoja. Kila mchezaji aandike hatua zake, karatasi zihifadhiwe, na kamati itazame nani amepiga hatua tangu Januari mpaka Novemba, pamoja na mahudhurio yake darasani, kwa maana mtoto anaweza kushindwa siku moja kwa homa tu.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Nilitaka kusema juu ya wasichana wanaoacha kucheza wakifika kidato cha pili, na juu ya wazee wetu wa barazani: mtu anayecheza bao la kete 64 katika mashimo 32, akihesabu mtaji kichwani, hashindwi kumfundisha mjukuu wake ubao wa vyumba 64 na kete 32. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nahitaji watu wawili: seremala atakayeweza kutukatia mbao kumi za kuchezea sataranji kabla ya likizo ya Disemba, na mtu wa boti aliye tayari kukaa nami tuzungumzie nauli za wanafunzi. Nitakuwa pale mlangoni.