Deni Lililozaa Sheria

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni kwa wote. Tangazo la pale mlangoni linasema nitazungumzia mizizi ya serikali na sheria katika Ugiriki, Roma na Biblia, na najua wengi mmekuja mkitegemea demokrasia, seneti na Amri Kumi. Niwieni radhi, mimi nimekuja na habari za madeni. Kila nikichimba asili ya sheria za Athens, Roma na Yerusalemu namkuta mtu yule yule: ameshindwa kulipa, na anayemdai yuko mlangoni.

Twende Athens, mwaka 594 K.K. Mkulima akikopa alijiweka rehani yeye mwenyewe na watoto wake. Akishindwa, anauzwa. Mji ulikaribia kupigana wenyewe kwa wenyewe, ndipo matajiri na maskini wakakubaliana kumpa Solon mamlaka ya kuwapatanisha. Akafuta madeni, akapiga marufuku mwili wa mtu kuwa dhamana ya mkopo. Solon alikuwa pia mshairi, na katika beti zake zilizobaki anajivunia kung'oa mawe ya alama yaliyosimikwa kwenye mashamba yenye deni, na kuwarudisha nyumbani Waathene waliouzwa mbali, wengine wakiwa wametangatanga hadi wamesahau kusema Kiathene. Hapo huwa naweka kitabu chini kidogo. Mtu amekopa, akaishia kupoteza lugha ya mama yake!

Msimfanye malaika. Watumwa walionunuliwa ugenini walibaki watumwa, na wanawake hawakupata sauti barazani. Lakini aliacha mambo mawili yaliyodumu: raia yeyote aliweza kushtaki kwa niaba ya mwenzake aliyeonewa, na aliyehukumiwa na mtawala aliweza kukata rufaa mbele ya wananchi. Baraza la watu 500 na kura za kuwafukuza vigogo mjini zilikuja karibu miaka mia moja baadaye.

Sasa Roma. Mwanahistoria Titus Livius anasimulia mzee mmoja, askari wa zamani, aliyetokea uwanjani Forum akiwa na matambara, makovu ya vita kifuani na alama za viboko mgongoni. Alipokuwa vitani adui walichoma shamba lake. Kodi ikadaiwa, akakopa, riba ikamla mpaka mdai akamchukua. Wenzetu wa Dar es Salaam mkopo wa namna hiyo wanauita kausha damu, na sidhani Mroma angehitaji mkalimani. Mwaka 494 K.K. walalahoi wakatoka mjini, wakapiga kambi kilimani, wakakataa kupigania mji unaowafunga minyororo. Hawakuchoma hata nyumba moja. Waliporudi walikuwa wamepata watetezi wao, matribuni, ambao ilikuwa mwiko kuwagusa, na ambao walikuja kuweza kuzuia amri ya kiongozi kwa neno moja: veto, yaani nakataza.

Miaka zaidi ya arobaini baadaye, 451 na 450 K.K., sheria ziliandikwa kwenye Mbao Kumi na Mbili. Ukizisoma utashtuka. Mdaiwa anapewa siku 30 za kutafuta pesa. Zikiisha anafungwa nyumbani kwa mdai siku 60, na kama hana chakula chake apewe ratili moja ya nafaka kwa siku. Ndani ya siku hizo anapelekwa uwanjani mbele ya hakimu, siku tatu za gulio, labda atatokea wa kumkomboa. Asipopatikana, anauzwa ng'ambo ya mto Tiber au anauawa. Kuna hata kifungu kinachowaruhusu wadai wengi wamgawane vipande, ingawa Aulus Gellius, mwandishi Mroma aliyekinukuu, anasema hajapata kusikia kikitekelezwa. Ukatili, ndiyo. Ila sasa mdaiwa naye aliweza kuhesabu siku. Kabla ya hapo makuhani na mabwana wakubwa walikuwa na sheria vichwani mwao tu. Kifungo chenyewe cha deni, Livius anasema, kilikomeshwa mwaka 326 K.K.

Miaka michache tu baada ya mbao zile, kule Yerusalemu, gavana Nehemia alisikia kilio hicho hicho: mashamba yamewekwa rehani, mabinti wamepelekwa utumwani. Akaitisha mkutano, akawakemea wakubwa hadharani, na bila kuficha akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha. Nampenda kwa hilo. Nayo Torati inamwambia mkopeshaji mambo madogo madogo: usiingie nyumbani kuchukua rehani, simama nje mwenyewe akuletee, usichukue jiwe la kusagia, vazi la maskini lirudishe kabla jua halijazama. Na kila mwaka wa saba, madeni yaachiliwe.

Hapo ndipo patamu. Mwaka wa saba ukikaribia, wenye pesa walifunga mifuko, na maskini akakosa hata wa kumkopa. Hillel, mwalimu mkubwa wa Wayahudi enzi za Herode, akabuni hati ya kukabidhi deni mahakamani ili lisifutike. Iliitwa prozbul, neno ambalo wataalamu wengi wanaona limetoka Kigiriki, na baadhi yao ndani yake wanasikia boule, jina la baraza la Waathene. Msishangae neno kusafiri hivyo. Hata kanuni yetu ni kanon ya Wagiriki, fimbo ya kupimia, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu.